Posa ya Maua: Mashaka ya Kuchanganya Amarilisi Nyumbani

Mwishoni mwa karne ya kumi na nane, katika mji mdogo wa Prescot, ambao wakati huo ulikuwa Lancashire, Uingereza, alikuwako fundi saa aitwaye Arthur Johnson, mtu ambaye riziki yake ilitegemea yakini, kwa kuwa saa, magurudumu yake yakipangwa sawasawa na meno yake yakishikana vizuri, haina hiari ila kwenda kama ilivyokusudiwa. Lakini fundi huyo alipoweka chini koleo zake na kuingia bustanini, alijitia katika kazi isiyo na yakini hata chembe: mnamo mwaka 1799 alitwaa chavua, yaani lile vumbi la kiume la manjano, kutoka katika ua moja la ukoo wa amarilisi, akaipaka juu ya sehemu ya kike ya ua la aina nyingine, kisha akangoja aone Mola atajaalia nini. Mzazi mmoja alikuwa na maua meupe yenye michirizi myekundu, na wa pili alikuwa na maua mekundu. Lakini maua ya watoto hayakuwa ya huyu wala ya yule, bali yalikuwa mekundu ya kukolea, na katikati ya kila petali umepita mstari mweupe. Huyo ndiye mahuluti wa kwanza wa ukoo huu anayejulikana katika historia, na mpaka leo wataalamu wa mimea humwita kwa jina la fundi saa yule.

Tangu siku hizo watu wengi wamezifuata nyayo zake, na si wataalamu peke yao. Amarilisi, yenye tunguu lililo kama ngumi ya mtu mzima na maua makubwa mfano wa tarumbeta, si mgeni katika vibaraza na bustani za Afrika ya Mashariki, na yeyote mwenye vyungu viwili vilivyochanua pamoja aweza kuwaposesha maua yake kwa brashi ndogo ya rangi. Kazi ya mkono ni nyepesi. Kilicho kizito ni swali linalofuata, nalo ni hili: je, atazaliwa nani? Sayansi haiwezi kulijibu swali hilo kabla ya wakati wake, lakini yaweza kutueleza, tena kwa hesabu, kwa nini jibu limefichwa.

Jina lenye utata

Kwanza na tulisafishe jina. Amarilisi halisi, ambayo wataalamu huiita Amaryllis belladonna, ni mmea wa Afrika ya Kusini; hii yetu ya vyunguni asili yake ni Amerika ya Kusini, hasa Brazili na milima ya Andes, na jina lake la kitaalamu ni Hippeastrum, maana yake nyota ya mpanda farasi, ambalo ilipewa mwaka 1821 na kasisi wa Kiingereza William Herbert. Ubishi juu ya nani mwenye haki ya jina la kwanza uliendelea vizazi na vizazi, hata mkutano wa wataalamu wa mimea uliofanyika Berlin mwaka 1987 ukaamua kwamba jina hilo libaki kwa mmea wa Afrika. Nasi tutaendelea kusema amarilisi, kwa sababu ndivyo wasemavyo wauzaji na wakulima wa maua.

Namna ya kuposa

Ua la amarilisi lina petali sita, na ndani yake nyuzi sita zenye vichwa vya chavua, na katikati yao uzi mmoja mrefu ambao ncha yake, iitwayo stigma, hufunguka katika matawi matatu inapokuwa tayari kupokea. Hekima ya maumbile ni kwamba mume na mke hawaamki kwa saa moja: chavua hupevuka kwanza, na stigma hufunguka baadaye, aghalabu baada ya siku moja au mbili. Kwa hiyo mwenye kuchanganya hana budi kuamka mapema, akate vile vichwa sita vya chavua katika ua alilolichagua kuwa mama kabla havijapasuka, kisha stigma ikifunguka aipake chavua ya baba. Ikiwa baba amechanua mapema mno, chavua yake yaweza kuwekwa pakavu ndani ya jokofu, katika kichupa kilichofungwa, ingoje siku yake. Mwisho, na hapa ndipo wengi huteleza, kifungwe kwenye bua kijikaratasi chenye jina la mama mbele na la baba nyuma, pamoja na tarehe. Kwa maana akili ya mwanadamu huahidi kukumbuka, na haikumbuki.

Posa ikikubaliwa, sehemu iliyo chini ya ua huvimba na kuwa tunda lenye vyumba vitatu, ambalo hukauka na kupasuka baada ya wiki nne hadi sita hivi. Ndani yake mna mbegu nyeusi, nyembamba kama karatasi iliyoungua, na ile iliyo hai huonyesha kijivimbe katikati ukiinyanyua mbele ya mwanga. Mbegu hizo hazipendi kuwekwa akiba. Zipandwe hima, nazo aghalabu huota katika muda wa wiki mbili au tatu.

Shaka ya kwanza: kukataliwa

Lakini si kila posa hukubaliwa, na kisa mashuhuri zaidi katika jambo hili ni cha yule kasisi Herbert. Tunguu moja la aina iitwayo Hippeastrum aulicum lilipomchanulia maua manne, aliyapaka matatu chavua yao wenyewe, na la nne akalipaka chavua ya mahuluti mmoja aliyetokana na aina tatu nyingine. Mtu angedhani kwamba yale matatu, yaliyopewa chavua ya nyumbani, ndiyo yangezaa, na kwamba la nne, lililoletewa mgeni wa mbali, lingebaki tasa. Ilikuwa kinyume: matunda ya yale matatu yalidumaa upesi na baada ya siku chache yakafa, hali la nne lilinenepa kwa kasi, likaiva, likatoa mbegu njema zilizoota bila taabu. Kisa hiki kilimstaajabisha hata Charles Darwin, naye akakitia katika kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya asili ya viumbe.

Leo twajua kwamba mimea mingi ya asili ya ukoo huu huitambua chavua yake yenyewe na kuizuia isizae, mfano wa sharia inavyokataza ndoa ya maharimu. Amma yale mahuluti makubwa ya madukani, mengi yao yameupoteza ulinzi huo, na huzaa hata kwa chavua yao wenyewe. Hapo ndipo inapozaliwa shaka nyingine: ikiwa vichwa vya chavua havikukatwa kwa wakati, mbegu ulizozipata huenda si za posa uliyoipanga, bali ni za mama peke yake, na utalea miaka mingi watoto ambao baba yao ni jina tu juu ya kijikaratasi.

Siri ya hesabu

Shaka kubwa zaidi, hata hivyo, imo ndani ya seli, mahali ambapo jicho halifiki. Aina nyingi za asili za Hippeastrum zina kromosomu (zile nyuzi za urithi) 22 katika kila seli, yaani seti mbili za kromosomu 11, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Lakini mengi katika mahuluti yenye maua makubwa yana kromosomu 44, yaani seti nne. Ukimwoza mwenye 22 kwa mwenye 44, mtoto akipatikana huwa aghalabu ana 33. Aweza kuwa mzuri wa sura na mwenye nguvu, lakini seti tatu hazigawanyiki mafungu mawili yaliyo sawa, na kwa hiyo mara nyingi huwa tasa, kama nyumbu aliyezaliwa na punda na farasi. Mkulima asiyeijua siri hii huilaumu mbolea, au jua, au mkono wake mwenyewe, na kumbe kosa halipo; ni hesabu iliyokataa kugawanyika.

Kisha iko hesabu ya rangi. Mtawa Gregor Mendel, aliyechapisha majaribio yake ya njegere mwaka 1866, alihesabu katika jaribio moja mbegu 7,324, naye akakuta 5,474 ni za mviringo na 1,850 zina makunyanzi, yaani karibu tatu kwa moja. Lakini Mendel alianza na wazazi ambao nasaba yao aliihakikisha kwanza, na njegere ina seti mbili tu za kromosomu. Amarilisi ya dukani ni mtoto wa mahuluti waliozaliwa na mahuluti, na aghalabu ina seti nne.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba weupe ni sifa inayojificha mbele ya wekundu, na kwamba mmea mwekundu unabeba sifa zote mbili nusu kwa nusu. Ukijizalisha wenyewe, mmea wa seti mbili utatoa mtoto mweupe mmoja katika kila wanne. Mmea wa seti nne, wenye jeni (vibeba sifa) mbili za wekundu na mbili za weupe, utatoa mmoja katika 36. Mtu aliyelea miche 20 ya mmea wa kwanza takriban hana njia ya kukosa ua jeupe. Bali aliyelea miche 20 ya mmea wa pili, uwezekano wa kutoona hata ua jeupe moja unapita nusu. Naye akiona mekundu matupu atasema, kwa kujiamini kabisa, kwamba damu nyeupe haimo katika ukoo ule, na atakuwa amekosea. Fauka ya hayo, rangi za kweli hazitawaliwi na jeni moja, wala michirizi, wala upana wa petali, wala urefu wa bua. Kwa hiyo mfano wetu ni mwepesi kuliko mambo yenyewe.

Na jibu hilo, la kweli au la uwongo, haliji mapema. Mche wa amarilisi hutoka ardhini kama jani la nyasi, na huchukua miaka miwili, mitatu au minne, na pengine zaidi, kabla ya kuchanua. Tena ua la kwanza la tunguu changa aghalabu ni dogo kuliko yatakayofuata, hata mwenye busara hatoi hukumu mpaka mmea uchanue mara ya pili. Ndiyo maana daftari lina thamani kuliko mbolea: mtu aliyeandika ana jambo la kujifunza hata katika ua baya, na asiyeandika hajifunzi hata katika ua zuri.

Tahadhari za afya

Uzuri huu una sumu ndani yake. Matunguu ya amarilisi yana kemikali iitwayo likorini, ambayo mtu au mnyama akiila humtia kichefuchefu, kutokwa na mate, kutapika, kuumwa tumbo na kuhara. Hatari huzidi kwa sababu ya sura: kitunguu maji na kitunguu saumu, kwa mpango wa sasa wa wataalamu, vimo katika jamii moja ya mimea pamoja na amarilisi, na tunguu lililokauka, likisahauliwa karibu na jiko, laweza kumdanganya mpishi. Matunguu ya maua yasiwekwe jikoni kabisa, na watoto na wanyama wa nyumbani wazuiwe wasiyatafune. Aliyekula asilazimishwe kutapika. Asukutue kinywa, apelekwe hospitali hima, na kipande cha mmea kichukuliwe ili mganga akitambue. Utomvu nao huwasha ngozi ya baadhi ya watu, basi ni vema kuvaa glavu na kunawa mikono baada ya kazi.

Mimea yenyewe pia ina maradhi yake. Yako maradhi ya virusi yanayochora majani kwa mabaka ya kijani kibichi na manjano, nayo huenezwa na vidukari na kwa kisu kilichotoka kukata mmea mgonjwa. Hayana dawa, mmea ulioathirika utengwe au uteketezwe, na kisu kichomwe motoni kila kinapohama kutoka mmea hadi mmea.

Ubavuni mwa tunguu

Amarilisi ina njia mbili za kuzaa. Ile ya mbegu, tuliyoieleza, huchanga upya karata za nasaba katika kila mche. Ya pili ni ya vitunguu vichanga vinavyochipua ubavuni mwa tunguu la mama. Hivyo havina baba, na kila kimoja ni mama yule yule, kwa rangi, kwa umbo na kwa kimo. Anayetaka ua analolijua na angoje chipukizi la ubavuni. Anayetaka ua ambalo halijapata kuonekana hana mlango mwingine ila mbegu, na pamoja na mbegu apokee mashaka yake yote.

Ua la fundi saa wa Prescot limeipita milango yote miwili. Yeye alilipata kwa chavua iliyopakwa bila ya kujua mwisho wake. Na kama mmea huo ungali unachanua katika bustani za watu zaidi ya miaka 200 baadaye, hasa katika majimbo ya kusini ya Marekani, ni kwa sababu majirani wamekuwa wakipeana vile vitunguu vya ubavuni, mkono kwa mkono, na kila kimoja kimetoa mstari uleule mweupe katikati ya petali nyekundu.