JUMA LA UDONGO NA MITI

Mtu apitaye katika vilima vya Kondoa, katika nchi ya Tanzania, huona upesi makorongo mekundu yaliyochimbwa na maji ya mvua. Sababu zake si moja. Miti ilikatwa ili kupata mashamba na kuni, ng'ombe na mbuzi wakala majani hata ardhi ikabaki wazi, na mvua ya huko hunyesha kwa nguvu katika miezi michache tu ya mwaka. Mwaka 1973 serikali ilianza kazi iliyoitwa HADO, maana yake Hifadhi Ardhi Dodoma; na mwaka 1979 ikaamuru mifugo iondolewe katika sehemu iliyoharibika zaidi. Amri hiyo ilikuwa nzito kwa wenye mifugo, maana ng'ombe ndio mali yao na maziwa ya watoto wao. Lakini baada ya miaka kadhaa majani na vichaka vilirudi katika vilima vingi.

Ni heri watu wajifunze mapema kuitunza ardhi, kabla haijafika hali ya kuhitaji amri kama ile. Kwa hiyo shule iliyo katika nchi ya mteremko yaweza kutenga juma moja, tuseme katika mwezi wa Septemba kabla ya mvua, ili watoto wasome somo hili kwa mikono yao.

Siku ya Jumatatu huanza kwa jaribio dogo. Madebe mawili hukatwa ubavuni yawe kama masinia. La kwanza hutiwa udongo mtupu, la pili hutiwa udongo wenye majani yaliyoota. Yote mawili huinamishwa sawasawa, kisha hunyunyiziwa maji ya kiasi kimoja. Maji yatokayo katika debe la kwanza ni mengi, nayo ni mekundu; yale ya debe la pili ni machache, na karibu ni meupe. Sababu yake ni hii: tone la mvua liangukapo juu ya udongo mtupu hulivunja bonge, na chembe ndogo huziba vitundu ambamo maji yangepitia kwenda chini. Maji yakikosa njia ya kuingia hushuka mlima, nayo huchukua udongo ulio bora, ule wa juu. Udongo huo hauumbwi kwa mwaka mmoja. Huchukua mamia ya miaka.

Jumanne hutengenezwa chombo cha kupimia, na kazi hii hupendwa na watoto kuliko zote. Fito mbili za mita 2 hufungwa pamoja kwa juu, na ufito wa tatu hufungwa katikati kwa kukingama, hata umbo lake huwa kama herufi A. Kisha timazi, yaani jiwe lililofungwa kwa uzi, huning'inizwa kutoka juu. Chombo husimamishwa juu ya vigingi viwili, na mahali uzi ukatapo ufito wa kukingama hutiwa alama. Halafu miguu hubadilishana vigingi, na alama ya pili hutiwa. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye alama ya kweli: uzi ukikaa hapo, miguu yote miwili iko katika usawa mmoja. Basi watoto hukipeleka chombo ng'ambo ya mteremko, mguu mmoja ukitulia na wa pili ukitafuta usawa, na kila hatua hupigwa kigingi.

Mstari wa vigingi hivyo hupinda kama nyoka, kwa kuwa hufuata umbo la mlima. Hapo ndipo wengi hukosea. Mtoto apendaye unadhifu hung'oa kigingi kimoja na viwili ili kuunyosha mstari upate kupendeza. Mvua ijapo, maji yote hukusanyika mahali palipo chini kidogo, nayo hulibomoa tuta na kuanzisha korongo jipya.

Jumatano ni siku ya majembe, wala udongo wa Septemba si laini. Mfereji huchimbwa kwa kufuata vigingi, na udongo wake hutupwa upande wa juu. Wakulima wa Machakos katika Kenya huita njia hii "fanya juu", na jina hilo la Kiswahili limeingia hata katika vitabu vya wageni. Udongo ushukao huzuiliwa na tuta, na mwaka baada ya mwaka shamba hupungua mteremko. Juu ya tuta, mvua ikianza, hupandwa mabingobingo, ambayo pia hukatwa kwa ajili ya ng'ombe wafungwao nyumbani.

Alhamisi ni ya mbegu. Mbegu za mgunga zina ganda gumu, kwa hiyo humwagiwa maji yaliyochemka na kuachwa humo hata asubuhi. Kisha hupandwa katika viriba vyenye udongo, samadi na mchanga. Siku ya kuhamisha mche, kiriba huchanwa na kuondolewa, ama sivyo mizizi huzunguka humo na mti hudumaa; wala kisitupwe shambani, maana plastiki haiozi.

Miche mingi hufa kwa kusahauliwa, au kwa mbuzi, kuliko kwa ugonjwa. Katika Kondoa mvua huanza yapata Desemba, nayo ndiyo miezi ya likizo. Kwa hiyo siku ya Ijumaa wazazi huitwa, wakapatana nani atamwagilia, na mbuzi watachungwa wapi.

Kabla ya kutawanyika, watoto hupigilia vijiti shambani, kila kimoja kikiachwa sentimita 10 juu ya ardhi, vingine kati ya matuta na vingine mahali pasipo tuta. Shule ifunguliwapo mwezi wa Januari hupimwa tena. Kijiti kikionekana kwa milimita 102, milimita 2 za udongo zimekwenda. Jambo hilo huonekana dogo, lakini katika shamba la mita 100 kwa mita 100 ni mita za ujazo 20, nao ni mzigo wa magari manne yachukuayo mita za ujazo 5 kila moja. Darasa hufanya hesabu hiyo ubaoni kwa vijiti vya mahali penye matuta, kisha kwa vile vya mahali pasipo matuta.