TV ya Sebuleni na Intaneti: Tulichojifunza Ilembula



Likizo iliyopita tulipanda gari Makambako kwenda Ilembula, wilayani Wanging'ombe, kumjulia hali bibi wa mwenzetu mmoja. Bibi alikuwa amevunjika nyonga, hawezi kusafiri. Kesho yake mjukuu wake mwingine angepewa daraja la upadre katika jimbo la mbali, na Misa ingerushwa moja kwa moja YouTube. Baada ya "kamwene" na chai, bibi alituuliza jambo moja tu: "Wajukuu zangu, nitamwona?"

Tulijibu kwa kujiamini, kwa sababu tulikuwa na kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye TV ili ioneshe video za intaneti. Jioni ile tulikifunga, tukajaribu, tukazima TV tukalala. Kesho yake bibi alimwona mjukuu wake akilala kifudifudi wakati wa Litania ya Watakatifu. Hapo hapo bando likaisha. Tulipopata vocha, padre mpya alikuwa ameshavaa kasula. Kuwekewa mikono kulitupita.

Tunaandika ili yasimpate msomaji mwingine.

Kifaa chenyewe ni nini?

Vifaa hivi vilianza kuenea Google ilipoleta Chromecast mwaka 2013. Amazon ikafuata na Fire TV Stick mwaka 2014. Tusivichanganye na king'amuzi. King'amuzi hupokea matangazo kwa antena au dishi. Kifaa hiki huvuta kila picha kwenye intaneti, kwa hiyo hata ukiwa umelipia king'amuzi chako, bila bando hutaona kitu.

Namna ya kukifunga

Kwanza, tazama nyuma ya TV kama ina tundu la HDMI. TV nyingi bapa zinalo. TV ya chogo hailipati picha hivi hivi. Itahitaji kibadilishi cha kuunganisha HDMI na matundu yale ya rangi nyekundu, nyeupe na njano.

Pili, kipe umeme wa kutosha. Tundu la USB la TV wakati mwingine halitoshi, na kifaa hujizima na kujiwasha. Tumia chaja iliyokuja nacho, ichomeke ukutani.

Tatu, kwa rimoti ya TV chagua HDMI uliyochomekea. Kioo cheusi mara nyingi maana yake umechagua tundu lingine.

Nne, kiunganishe na intaneti. Vijijini wengi wetu tunatumia hotspoti ya simu. Iweke simu mahali penye mtandao mzuri, hata dirishani, lakini isiwe mbali na TV. Kama kifaa hakina rimoti yake na huongozwa kwa simu, tafuta simu mbili: moja itoe hotspoti, nyingine ikiongoze.

Tano, ingiza akaunti. Tumia ya mwenye nyumba, si ya mgeni anayeondoka kesho. Weka namba ya siri kwenye manunuzi, na washa ulinzi wa watoto. Siku ukikiuza au kukigawa, futa kila kitu kwanza.

Bando letu lilikwenda wapi?

Kosa letu lilikuwa hili: kuzima TV si kuzima kifaa. Tulipobonyeza rimoti ya TV kioo kilizimika, lakini kifaa kina umeme wake. Video ya majaribio iliendelea, ikaisha, nyingine ikajianzisha yenyewe, na hotspoti ilikuwa wazi. Isitoshe, kifaa kipya kikipata intaneti hupakua masasisho yake bila kuuliza. Kwa hiyo ukimaliza kutazama, zima hotspoti na uchomoe kifaa ukutani. Zima pia mpangilio wa video kujicheza zenyewe.

Halafu kuna ubora wa picha. Netflix inaeleza kwamba picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na ya ubora wa kati hadi GB 0.7. Tukikadiria kwa kipimo hicho, Misa ya saa tatu inaweza kufika GB 9 kwa HD, lakini kama GB 2 tu kwa ubora wa kati. YouTube nayo ina hesabu yake, ila kanuni ni ile ile. Fungua mipangilio ya video, chagua 480p. Kwa TV ya sebuleni, uso wa mtu unaonekana vizuri kabisa.

Fanya yote haya siku moja kabla. Asubuhi ya tukio angalia salio la bando, na uwe na vocha ya akiba mfukoni.

Mwaka 1958 Papa Pio XII alimtangaza Mtakatifu Klara wa Asizi kuwa msimamizi wa televisheni. Husimuliwa kwamba akiwa mgonjwa usiku wa Noeli, asiweze kwenda kanisani, aliiona Misa akiwa chumbani mwake. Wagonjwa wetu wana hamu ile ile. Kioo hakichukui nafasi ya Ekaristi wanayostahili kuletewa nyumbani, lakini kinaweza kuwasogeza karibu na wenzao.

Jioni ile YouTube ilikuwa imehifadhi Misa yote. Tulirudisha hadi pale palipokatika, tukaweka 480p, tukakaa chini. Askofu alipoweka mikono juu ya kichwa cha mjukuu wake, bibi alifanya ishara ya msalaba, kisha akatuambia tusizime kwanza.