Kujifunza Msamiati wa Kiarabu kwa Picha za Intaneti



Ndugu mwanafunzi, Kiswahili kimechukua maneno mengi ya Kiarabu, na hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza, kwani tunadhani neno tunalijua. Chukua neno jabali. Kwetu ni mwamba, jiwe kubwa. Lakini jabal kwa Kiarabu ni mlima mzima, kama hii ya Uluguru tunayoiona kila siku hapa Matombo. Basi anayesoma Suratun-Nabai, aya ya 7, akadhani yametajwa mawe, amekosea.

Dawa yake ni nyepesi. Omba simu ya mzazi, weka kibodi ya Kiarabu, fungua sehemu ya picha ya Google (ilianza mwaka 2001), kisha andika جبل. Usiandike "jabali" kwa herufi za Kilatini, utaletewa mengine. Wala usitosheke na picha moja. Tazama kumi, na kile kinachojirudia katika zote ndicho maana ya neno.

Herufi nazo uziangalie sana. Andika قلب kwa qaaf, utaona moyo. Andika كلب kwa kaaf, utaona mbwa! Nasi darasani mara nyingi tunayatamka kwa sauti moja, hata tunaposoma Qur'an.

Sabr na taqwa hazina picha. Hayo muulize mwalimu. Wazazi nao wawashe kichujio cha picha chafu kabla ya kumpa mtoto simu. Bando likiisha, chora ulichokiona daftarini na ukiandikie jina lake kwa Kiarabu, bila Kiswahili pembeni.