"Shore up" ni kutia matimba, si kuunga mkono

Juzi mdogo wangu aliyeko Geita alinitumia ujumbe: "Dada, 'shore up' maana yake nini? Nikitafsiri kwa simu napata ufukwe juu." Nilicheka, ila jibu liko hatua chache tu kutoka anapoishi.

Nenda kwenye duara la wachimbaji wadogo. Utaona magogo yamepangwa kuanzia mdomoni mwa shimo kwenda chini. Ndiyo matimba hayo. Udongo wa ukutani unasukumwa na uzito wake kuelekea kwenye uwazi. Kadiri unavyoshuka ndivyo msukumo unavyozidi, na mvua ikinyesha maji huongeza uzito na kulegeza chembe zilizoshikana. Gogo lililokazwa toka ukuta huu hadi ule linafanya kuta zizuiane zenyewe kwa zenyewe. Kazi hiyo ndiyo "to shore up". "Shore" hii ni nguzo ya kuegemezea, imefanana na ufukwe kwa maandishi na matamshi tu.

Kwa hiyo usiseme "kuunga mkono". Mtu unaweza kumuunga mkono akiwa imara kabisa. Ukisema "shore up" unakiri kwamba kitu kinalegea au kinaweza kuanguka, na umekizuia tu, hujakiponya. Gogo nalo linaoza. Mwaka 2015 huko Nyangalata, Kahama, shimo lilititia, na wachimbaji watano wakakaa chini siku 41 ndipo wakaokolewa. Sasa mtu akikuta maelezo ya usalama yanasema "Shore it up before you go in" halafu akabahatisha maana? Hapo si suala la mtihani tena.

Halafu ona "it" ilivyokaa katikati. Nomino ina uhuru: "shore up the wall" au "shore the wall up". Kiwakilishi hakina, "shore up it" ni kosa.

Magazeti ya uchumi nayo yanalipenda neno hili. Tangu Oktoba 2024, wachimbaji na wafanyabiashara wanaouza dhahabu nje wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 waiuzie Benki Kuu, akiba ya nchi iongezeke. Kiingereza chake: "to shore up reserves". Yaani dhahabu iliyotoka kwenye shimo lenye matimba, nayo inageuka timba.

Mdogo wangu kajibu: "Kumbe ningemuuliza mjomba tu, si ndiye anayeuza magogo!"