Maji baridi hayapasui mishipa

Familia zinazojiandaa kukaa wiki nzima kwenye hoteli za jangwani huko Oman zina mengi ya kumuuliza daktari. Kuna bibi anayemeza dawa za presha, kuna mtoto anayenyonya, kuna insulini itakayosafiri kwa gari. Lakini swali linaloletwa msimu baada ya msimu ni moja: ni kweli kwamba joto likifika digrii 40, maji baridi hupasua mishipa ya damu?

Si kweli, na halijawahi kuwa kweli.

Chanzo chake ni ujumbe wa WhatsApp uliozunguka dunia kwa miaka, ukinukuu madaktari wasio na majina. Unaonya watu wasinywe maji baridi wakati wa joto kali, na wakitoka juani wasinawe mikono wala miguu mpaka nusu saa ipite. Madhara yake huonekana kwenye mchanga wa Wahiba, mwendo wa saa mbili tatu kwa gari kutoka Muscat. Mtoto amekuwa akiteleza kwenye matuta tangu asubuhi. Saa tano anarudi chumbani, kichwa kinamuuma na midomo imemkauka. Fulana yake ni kavu kabisa, ila ina michirizi myeupe ya chumvi mgongoni. Friji imejaa chupa za maji. Shangazi anaifunga, anammiminia nusu kikombe cha maji vuguvugu na kumwambia atulie kwanza. Mtoto anaonja, anasukuma kikombe. Mwili uliokwisha kupungukiwa maji unazidi kupungukiwa, kwa ushauri wa mtu asiyejulikana.

Mwili ukipata joto, mishipa iliyo karibu na ngozi hutanuka ili damu ipeleke joto nje. Maji baridi yakiigusa ngozi, mishipa hiyo hubana. Kutanuka na kubana ndiyo kazi yake ya kila siku, na hakuna kinachopasuka. Maji ya kunywa ndiyo kabisa: yanashuka hadi kwenye tumbo lenye joto la digrii 37, yanapashwa humo, na yanapoingia kwenye damu ubaridi umekwisha.

Anayetaka ushahidi atazame mbio za Falmouth, Massachusetts, zinazofanyika kila Agosti na ambazo Wakenya wamezishinda mara nyingi. Wakimbiaji wanaoanguka kwa kiharusi cha joto, miili yao ikiwa imevuka digrii 40, hutumbukizwa kwenye beseni la maji yenye barafu. Kumbukumbu za miaka 18 za mbio hizo, zilizochapishwa 2015, zina wagonjwa 274 waliotibiwa hivyo. Hakuna hata mmoja aliyekufa. Kinachoitwa sumu kwenye simu za watu ndiyo tiba ambayo madaktari huikimbilia kwanza.

Jambo moja tu lina msingi: kujirusha ghafla ndani ya maji ya baridi kali hushtua pumzi na mapigo ya moyo. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo aingie bwawani taratibu. Hilo halihusiani na kunywa.

Wengine huwatolea mfano Mabedui na kahawa yao ya moto. Kahawa haina kosa. Watafiti wa Ottawa walichapisha mwaka 2012 jaribio lililoonyesha kuwa kinywaji cha moto huongeza jasho, na penye hewa kavu, ambapo jasho lote hukauka, mwili huweza kubaki na joto pungufu. Lakini kikombe cha kahawa ni mafunda machache, na mtu anayepanda matuta juani anaweza kupoteza zaidi ya lita moja ya jasho kwa saa. Kinachookoa ni wingi wa maji, na watu, hasa watoto, hunywa zaidi yakiwa ya ubaridi.

Wala kuzoea joto la Dar es Salaam au Mombasa hakutoshi. Pwani jasho hulowesha shati, na mtu hukumbuka kunywa. Wahiba hewa kavu hulinyonya papo hapo, na mtu hudhani hakutoka jasho.

Basi yafanyike haya. Wiki hiyo ipangwe kati ya Novemba na Machi. Juni na Julai mchana huvuka digrii 40. Matuta yapandwe asubuhi na mapema au jioni, na adhuhuri iwe ya kivuli na usingizi. Kila mtu awe na chupa yake, na mkojo wa njano iliyokolea umkumbushe kuongeza maji. Aliyetoka jasho kwa saa nyingi, au anayeharisha, apewe ORS. Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji safi ichanganywe na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa bila kilima. Vidonge vya chumvi viachwe. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonyeshwe mara nyingi zaidi, asipewe maji. Bibi wa presha aonane na daktari wake kabla ya safari, maana baadhi ya dawa huongeza mkojo. Insulini isipite digrii 30. Mtoto asiachwe garini hata kidogo: ndani ya dakika 10 joto huweza kupanda kwa digrii 10.

Akitokea mtu anaongea yasiyoeleweka, anapepesuka au anazimia, awekwe kivulini, apunguzwe nguo, amwagiwe maji baridi mwili mzima na kupepewa bila kukoma, huku mwingine akipiga 9999. Asiye na fahamu asinyweshwe chochote. Kumpoza kuanze palepale, gari la wagonjwa likiwa bado njiani.