Lugha ya Kusema na Vijana wa Kiume: Maelezo juu ya Podikasti Huru katika Masasi na Newala

Neno "podikasti" ni geni katika Kiswahili, na hata katika lugha lilikotoka halina umri mkubwa. Mwandishi Ben Hammersley alilitumia katika gazeti la The Guardian la Uingereza mwezi wa Februari 2004, likiwa limeundwa kwa jina la chombo cha kusikilizia muziki, iPod, na sehemu ya neno la Kiingereza lenye maana ya kutangaza. Podikasti ni maongezi au masimulizi yaliyorekodiwa, ambayo msikilizaji huyapata kwa njia ya intaneti na kuyasikiliza saa aipendayo. Redio husema na umma. Podikasti husema na mtu mmoja, aghalabu masikioni mwake, na kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo nguvu yake ya kushawishi ni kubwa, kwa wema na kwa ubaya.

Makala haya yakusudia kueleza jinsi podikasti iwezavyo kutengenezwa kwa ajili ya vijana wa kiume wa Masasi na Newala, isiyokuwa ya serikali, wala ya chama, wala ya tajiri, ili wapate sauti nyingine badala ya zile ziwavutazo kwenye chuki. Itaonyeshwa kwamba jambo kubwa katika kazi hiyo si mitambo bali ni lugha, na hasa jinsi sentensi imtajavyo, au imfichavyo, mtendaji wa jambo.

Sauti zilizopo

Katika Marekani vyombo vya mrengo wa kulia vimewavuta vijana wengi wa kiume kwa njia ya podikasti. Tarehe 25 Oktoba 2024, siku chache kabla ya uchaguzi, Donald Trump aliketi na Joe Rogan akaongea naye kwa muda wa karibu saa tatu. Baada ya kushindwa, wapinzani wake walijiuliza kwa nini wao hawana sauti ya namna hiyo. Wengi walidhani kwamba dawa ni kumtafuta msemaji wa kusema kinyume. Wachache walijiuliza kwa nini vijana walikuwa wakisikiliza.

Maneno "kulia" na "kushoto" hayagawi siasa ya Tanzania kama yagawavyo siasa ya Ulaya na Marekani. Hata hivyo jambo lenyewe halikosi mfano karibu. Nchini Kenya mtu ajulikanaye kwa jina la Amerix amepata wafuasi wengi kwa mafundisho yake juu ya uanaume. Tena kuna sauti kali kuliko hizo. Hotuba za Aboud Rogo wa Mombasa, aliyeuawa tarehe 27 Agosti 2012, zilienea kwa Kiswahili katika kanda na simu, na wachunguzi wameeleza kwamba zilisikilizwa hata kaskazini ya Msumbiji. Tarehe 5 Oktoba 2017 vita vilianza Mocímboa da Praia. Na mwezi wa Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa na watu waliovuka Ruvuma. Basi swali la nani asemaye na kijana, na kwa lugha gani, si la anasa katika nchi hii.

Wasikilizaji

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, ukingoni, ambapo mtu huliona bonde lote la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Masasi iko chini, upande wa magharibi, kati ya vilima vya mawe. Katika Newala Kimakonde ndicho kisemwacho zaidi nyumbani. Katika Masasi kuna Kimakua, Kiyao, Kimakonde na Kimwera. Kiswahili ni lugha ya sokoni, shuleni na kijiweni kwa wote.

Kijana wa huko huishi kwa korosho, kwa bodaboda, au kwa kwenda Dar es Salaam kuchuuza. Hata jina la uchuuzi lina historia yake: "mmachinga" lilikuwa jina la mtu wa kabila moja la Lindi, na sasa huitwa hivyo kila mchuuzi wa barabarani. Kijana wa kusini amezoea kupewa jina na wengine. Na manung'uniko yake si ya kubuni. Mwezi wa Januari 2013 ghasia zilitokea Masasi zikianzia katika ugomvi baina ya polisi na waendesha bodaboda. Watu walikufa, na nyumba na ofisi zikachomwa moto. Podikasti ijifanyayo kwamba manung'uniko hayo hayapo haitasikilizwa hata dakika tano.

Mifano ya zamani

Kazi ya kuwapa vijana wa kiume mafunzo mbadala haikuanza na intaneti. Vincent Lucas, mmisionari wa Kianglikana aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926 hata 1944, hakuikataza jando ya wenyeji kama walivyofanya wamisionari wengine. Aliichukua kumbi yenyewe, pamoja na kutengwa kwa wari na mafundisho ya makungwi, akayaingiza humo mambo ya dini yake. Mtu aweza kuyakubali au kuyakataa mambo aliyoyaingiza. Funzo lililo wazi ni kwamba alitambua kuwa vijana huamini umbo la mafunzo kabla ya kuamini maneno yake.

Mfano wa pili ni mchezo wa redio "Twende na Wakati", ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993. Ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori, mlevi na mpenda wanawake. Mchezo haukumhubiri. Ulimwacha aende, akapendeza, akachekesha, hata ukimwi ukampata. Kwa kuwa Dodoma haikusikia mchezo huo katika miaka miwili ya kwanza, wataalamu waliweza kulinganisha sehemu hiyo na nyingine, wakaona kwamba waliousikiliza walibadilika zaidi katika mambo ya uzazi wa mpango na kujikinga na ukimwi. Mwanamume alimtazama Mkwaju akajiona mwenyewe, bila ya kuambiwa kwamba ndiye asemwaye.

Lugha ya podikasti

Yafaa sasa kutazama sentensi zenyewe. Hotuba ya kawaida ya mkubwa kwa vijana ni hii: "Vijana wanatakiwa wajitambue na kuacha kukaa vijiweni." Msemwa yuko katika nafsi ya tatu, ingawa amesimama pale pale. Kitenzi ni cha kutendwa, "wanatakiwa," wala hakisemi ni nani atakaye. Kijana husikia amri isiyokuwa na mwenyewe.

Mshawishi mbaya husema namna nyingine: "Ndugu yangu, wewe umedhulumiwa." Hapo kuna jina la ujamaa, kuna nafsi ya pili ya umoja, na kuna kitenzi kinachokubali uchungu wa msikilizaji. Lakini kitenzi hicho nacho ni cha kutendwa, na mahali pa mtendaji ni patupu. Utupu huo ndio mtego. Kijana akiisha kukubali kwamba amedhulumiwa, mshawishi hupajaza mahali pale: umedhulumiwa na wanawake, na wageni, na makafiri, na serikali yote. Hajathibitisha neno lolote. Amejaza nafasi tu.

Kwa hiyo kazi ya podikasti huru si kukanusha sentensi ya kwanza, kwani mara nyingi ni ya kweli. Kazi yake ni kuijaza nafasi ya mtendaji kwa haki. Tuseme kijana amesema, "Korosho zetu zimeliwa." Mtangazaji haulizi kama ni kweli. Auliza: nani alizinunua? Kwa mizani au kwa kangomba, yaani nje ya utaratibu na kwa kipimo kisichokuwa halali? Chama cha msingi kiliandika nini katika stakabadhi? Bei ya mnadani ilikuwa ngapi, na makato yalikuwa yapi? Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika katika zao hili mwaka 2007, na karatasi zake zipo. Akifika mwisho wa maswali hayo, kijana ana mtendaji mwenye jina na anwani, awezaye kuulizwa katika mkutano. Adui asiye na uso hana kazi tena.

Jambo la pili ni majina. Wahubiri wa uanaume hupenda kusema "mwanamume wa kweli." Mafunzo ya jando yana neno jingine: aliyetoka kumbini huitwa mtu mzima, na neno hilo halina jinsia. Kadhalika mamlaka ambayo wahubiri hao humpa baba hayalingani na desturi ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno kwa mpwawe. Mtangazaji aongeaye kama mjomba, yaani kwa utani na kwa swali kabla ya shauri, hatumii mbinu ya kigeni, arudi nyumbani.

Jambo la tatu ni lafudhi. Kiswahili cha kusini huchekwa mjini. Podikasti ikisemwa kwa lafudhi ya Dar es Salaam peke yake, itakuwa imerudia dharau ile ile. Heri msemaji wa Newala asikike kama mtu wa Newala, na salamu au methali za Kimakonde ziachwe kama zilivyo kisha zifafanuliwe katika mazungumzo.

Kutengeneza na kueneza

Mitambo yenyewe ni michache: simu mbili, kinasa sauti, na chumba kisicho na mwangwi. Bando ni ghali kwa kijana, basi faili na iwe ndogo, ipitishwe kwa WhatsApp na kadi za kumbukumbu, isikilizwe kijiweni na watu wengi kwa simu moja. Kusikiliza kwa vikundi si jambo geni. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 ilitumia redio na vikundi vya kusomea nchini kote. Uhuru nao una gharama. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilidai leseni ambayo ada zake zilifika shilingi 2,100,000. Kanuni hizo zimebadilishwa baadaye zaidi ya mara moja, na mtengenezaji hana budi kuzisoma za wakati wake kabla ya kuanza. Anayemlipia ada ndiye awezaye kumfunga mdomo. Kwa hiyo michango midogo ya wengi ni salama kuliko fadhila kubwa ya mmoja.

Hitimisho

Kijana haiachi sauti mbaya kwa sababu imekanushwa. Huiacha apatapo nyingine iliyomwita kwa jina la ujamaa, ikakubali uchungu wake, kisha ikamsaidia kumtaja kwa haki aliyemtenda. Wataalamu wa Kiswahili wamezoea kuieleza kauli ya kutendwa kama suala la viambishi. Katika Masasi na Newala, karibu na mpaka wenye vita, swali la nani ajazaye nafasi ya mtendaji laweza kuwa swali la uhai wa mtu.