Kuinama Bila Kuumiza Mgongo

Huenda mkacheka kuona mtu mzima ameshika kalamu ili awafundishe kuinama. Mtasema, nani asiyejua kuinama? Nami nilidhani hivyo hivyo, hata siku ile nilipojiumiza.

Nilikuwa mwanafunzi Arua. Wakati wa mazoezi ya viungo sisi wavulana tulishindana kugusa ardhi bila kukunja magoti. Miguu yangu ilikuwa migumu kama magogo, lakini sikutaka kushindwa. Nikajitupa chini kwa nguvu mara moja, mara mbili. Mara ya tatu nikasikia maumivu kiunoni kama nimechomwa kisu. Likizo ile nilirudi kwetu Koboko hali siwezi kushika jembe, na palizi ya mihogo imefika. Bibi yangu alipalilia peke yake, nami nimekaa kivulini kama mgeni. Niliona aibu sana.

Basi, kwa kuwa sikuwa na kazi, nilimtazama. Aliinama muda mrefu, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kama meza. Hakujipinda kiunoni, alijikunja nyongani, pale paja linapokutana na kiwiliwili. Nilipomwuliza, alicheka akasema, "Mjukuu wangu, wewe huinami, wajikunja kama jongoo."

Baadaye nilisoma habari za yoga, elimu ya kale ya Bara Hindi. B.K.S. Iyengar alieleza mikao yake katika kitabu cha mwaka 1966, na mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga duniani. Mmoja katika mikao hiyo ni kuinama mbele hali umesimama, nao huitwa uttanasana. Nilistaajabu kuona kuwa kanuni yake ni ile ile ya bibi yangu shambani.

Sababu yake ni hii. Kiungo cha nyonga ni kama mpira ndani ya kikombe, nacho kimeumbwa kizunguke. Lakini kiuno kina pingili 5 za uti wa mgongo, na kati ya pingili na pingili kuna kipande cha gegedu kama mto mdogo. Ukijikunja kwa nguvu kiunoni, mito hiyo hubanwa upande wa mbele na kusukumwa nyuma. Tena, misuli ya nyuma ya mapaja imeshikamana na mifupa unayoikalia. Ikiwa imekaza, huzuia nyonga zisizunguke, na mgongo hulipa deni lisilo lake.

Sasa tujaribu pamoja.

Kwanza, simama, miguu iachane kwa upana wa nyonga, na uzito uenee katika nyayo zote.

Pili, legeza magoti kidogo. Hiyo si aibu. Ndiyo inayozipa nyonga nafasi ya kuzunguka.

Tatu, weka mikono nyongani, vuta pumzi, urefushe mgongo. Kisha toa pumzi polepole, ukisukuma matako nyuma na kupeleka kifua mbele.

Nne, mgongo ukianza kujikunja, simama hapo hapo. Weka mikono juu ya benchi au mapajani. Kugusa ardhi si shabaha. Legeza shingo, upumue mara 5.

Tano, ukitaka kuinuka, kunja magoti zaidi, rudisha mikono nyongani, uinuke taratibu na mgongo ulionyooka. Ukiinuka ghafula waweza kupata kizunguzungu.

Ukitaka kujipima, mwombe mwenzako ashike ufito mgongoni pako. Uguse kisogo, kati ya mabega, na mwisho wa uti wa mgongo. Ukiinama na sehemu moja ikauacha ufito, umejikunja.

Jihadharini na mambo machache. Msiiname sana mara tu baada ya kuamka, maana usiku mito ile ya gegedu hujaa maji, na mgongo huwa mgumu. Kuvutika nyuma ya mapaja ni sawa. Maumivu makali ya kiuno, au ganzi inayoshuka mguuni, ni onyo la kuacha na kumwona mganga wa hospitali. Wenye shinikizo la damu, ugonjwa wa presha ya macho, au mgongo ulioumia karibuni, wamwulize kwanza.

Ndugu wanafunzi, ninyi hufyagia, hulima na kuinua madumu ya maji. Ndugu zetu mliomaliza, wengine mwakaa ofisini katika Arua, iliyofanywa jiji mwaka 2020, na mapaja yenu hukaza vitini. Sote twainama kila siku. Mgongo nilioumiza kwa sekunde moja ya majivuno ulininyima palizi ya msimu mzima. Mwenda pole hajikwai.